Tabora au Kigoma: ushuke wapi ukitafuta majengo ya kale?

Likizo ikikaribia, swali huwa lile lile. Mwalimu wa historia anataka kupeleka kidato cha tatu ziara. Mtu wa Dar ana harusi ya ndugu huku magharibi na anatafuta sababu ya kukaa siku mbili zaidi. Kijana wa kamera anataka kuta zenye umri. Hela ni za mawazo, siku ni chache: tushukie Tabora, au tuvumilie mpaka Kigoma?

Ukitazama ramani, miji hii miwili inafanana sana. Yote iko kwenye Reli ya Kati, kilomita zipatazo 400 kati ya mmoja na mwenzake. Yote ilikuwa vituo vya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kabla reli haijaota hata kichwani mwa mtu. Yote ina stesheni ya Mjerumani, jumba la wakubwa wa Kijerumani, miembe mizee na kumbukumbu ya David Livingstone. Kwihara ya Tabora na Ujiji ya Kigoma zimo pamoja kwenye orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006, zikihesabiwa kama vituo vya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, sambamba na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde. Kwenye karatasi inalingana. Ukiitembea kwa miguu, hailingani hata kidogo.

Mimi ni mtu wa Tabora, nalisema mapema ili maneno yangu uyapime. Pamoja na hayo, kuna watu ninaowaambia bila kusita: msishuke kwetu, pitilizeni.

Kipimo ninachotumia ni mlango. Majengo mengi ya maana katika miji hii bado yako kazini. Lina jeshi hili, lina serikali lile, lina reli au shule jingine. Jengo linaweza kuwa zuri kuliko yote mjini na wewe ukaishia kulitazama kutoka ng'ambo ya barabara, simu mfukoni. Kwa hiyo usiulize tu mji gani una majengo mazuri. Uliza ni mlango upi utafunguliwa, na ukishaingia, utakutana na nini.

Stesheni kwa stesheni

Reli ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Februari 1914 vyuma vikafika ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Miezi sita baadaye vita ikalipuka Ulaya, na Mjerumani hakupata nafasi ya kuifaidi ile aliyoijenga.

Stesheni ya Tabora ina paa la mgongo mkali, la kumwaga theluji, katika mji ambao jua la Oktoba linakausha mpaka mate. Mchoraji alichora alichokizoea kwao, basi. Chini ya paa hilo maisha hayajasimama tangu siku ya kwanza, kwa sababu Tabora ni njia panda. Hapa ndipo mabehewa yanapogawanywa: ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, ya Mpanda yasubiri zamu yake. Tawi la Mwanza ni kazi ya Waingereza, lilifika ziwani 1928. Kaa kwenye benchi saa moja tu utaona madumu ya asali yaliyofungwa nailoni shingoni yasivuje, magunia ya karanga, na mama anayekaza upya kanga ya mtoto mgongoni kabla behewa halijagongwa kuungwa na lingine. Mlio ule wa chuma kupiga chuma ukiusikia ndani ya jengo, unapanda kutoka miguuni.

Kuna jambo jingine la reli ya Tabora ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mwaka 1916, Mjerumani akiwa amezibiwa njia ya bahari na meli za Waingereza, alihamishia serikali yake Tabora, na fedha zilipomwishia akaamua kuzitengeneza mwenyewe. Dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, sarafu zikapigwa kwenye karakana ya reli: rupia 15 za dhahabu, upande mmoja tai, upande wa pili tembo amenyanyua mkonga. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanazigombania. Septemba 19 mwaka huo huo, majeshi ya Ubelgiji kutoka Kongo yakaingia mjini, na kamanda wao, Tombeur, baadaye akapewa ubaroni wenye jina la Tabora. Mji wetu umo kwenye cheo cha Mbelgiji. Sijui tucheke au tudai fidia.

Sasa Kigoma. Watu husema "Kigoma mwisho wa reli", na stesheni yake inalisema hilo kwa sauti. Ni jengo la ghorofa, lenye matao chini, limekaa mahali ambapo barabara ya Lumumba inamalizika baada ya kuteremka kati ya miembe. Ni kubwa kupita kiasi. Kigoma ya 1914 haikuwa na abiria wa kulijaza hata robo. Lakini Mjerumani hakuijengea Kigoma, aliijengea Kongo. Hesabu yake ilikuwa kwamba mali ya upande wa pili wa ziwa, shaba ya Katanga ikiwemo, ivuke maji, ipande behewa pale, ishuke Dar. Jengo lile lilikuwa tangazo la biashara. Walioifaidi hesabu hiyo ni Wabelgiji: kwa mkataba wa 1921 na Waingereza walipewa eneo lao bandarini Kigoma na jingine Dar es Salaam, yale wazee wa bandari walioyaita Belbase, mizigo ya Kongo ikapita bila kulipishwa ushuru.

Kama umekuja kutazama jengo, stesheni ya Kigoma inaishinda ya Tabora, na haiishindi kidogo. Ukisimama chini ya matao yake ukageuka, barabara inapanda mbele yako na harufu ya ziwa inakuja nyuma yako. Tabora haina cha kujibu hapo. Kama umekuja kuona stesheni ya zamani ikifanya kazi iliyoifanya miaka mia moja iliyopita, kaa Tabora. Zote mbili zina faida moja kuu: ni mali ya abiria. Ukiwa na tiketi mkononi hakuna atakayekuuliza unatafuta nini.

Livingstone wa Ujiji na Livingstone wa Kwihara

Hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu, na ndipo watu wengi wanapochagua kwa umaarufu wa jina.

Ujiji iko kilomita kama 8 kusini ya Kigoma mjini, daladala zinakwenda kutwa nzima. Oktoba 1871 Livingstone alirudi hapo kutoka Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, akiwa mgonjwa na amevunjika moyo. Julai ya mwaka ule, huko Nyangwe, alikuwa ameshuhudia watu wa wafanyabiashara ya watumwa wakiwamiminia risasi akina mama sokoni. Akafika Ujiji akitegemea kukuta mali yake, akakuta Sherifu, aliyekabidhiwa, ameshaiuza yote. Kwa tarehe ya Stanley mwenyewe, Novemba 10 ndipo mwandishi huyo wa gazeti la Marekani alipotokea na bendera yake na kusema ile salamu ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ameisikia.

Pale palipo na kumbukumbu utakuta mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika na msalaba, miembe inayosemekana ni vizazi vya ule wa mwanzo uliokwisha kufa, na jumba la makumbusho lenye sanamu mbili kubwa kuliko mtu, Stanley na Livingstone wakivuliana kofia. Watoto wanazipenda sana sanamu hizo. Watu wazima wanatabasamu, wanapiga picha, wanauliza choo kiko wapi. Hadithi yenyewe inaisha upesi, kwa sababu ni hadithi ya sentensi moja.

Jambo ambalo ningependa mgeni alione pale ni umbali wa maji. Stanley na Livingstone walikutana karibu na ufuko. Leo ziwa liko mita mia kadhaa kutoka mnarani. Hakuna aliyeuhamisha mnara. Miaka ile Ziwa Tanganyika lilikuwa juu sana, kwa kuwa mlango wake wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji yakauvunja mlango huo, na katika miongo iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita 10. Teremka kutoka mnarani hadi pwani ya Ujiji na utakuwa unatembea juu ya kilichokuwa ziwa. Ukifika chini utakuta mafundi wa mitumbwi na maboti, ubao umepinda kwenye moto, pamba na mafuta vikishindiliwa kwenye nyufa kwa patasi. Kwa maoni yangu mafundi wale wanashinda zile sanamu.

Na Ujiji yenyewe, mitaa yake, ndiyo urithi. Kabla Kigoma haijawa mji, mji ulikuwa Ujiji: bandari ya Mwinyi Kheri, mfanyabiashara wa pwani aliyeushika mji, baadaye uwanja wa Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, watu wa Manyema waliovuka ziwa kwa hiari na kwa minyororo wakabaki wakawa wenyeji. Tembea vichochoro mchana, salimia wazee barazani, "shikamoo mzee" kabla ya swali lolote. Utaambiwa mengi ambayo hayamo kwenye kibao.

Kwihara ni kitu kingine. Iko kilomita chache nje ya Tabora, kusini-magharibi, na hakuna daladala itakayokushusha mlangoni. Ni bodaboda au bajaji ya kukodi kwenda na kurudi. Njiani ni mashamba na miembe. Unafika kwenye tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa, mahali alipokaa Livingstone.

Tembe hilo limejengwa upya katika karne iliyopita, la asili lilikuwa limekwisha. Mtu anayetaka ukuta ulioguswa na Livingstone mwenyewe asiende. Lakini umbo ni lile lile, na kwa anayependa ujenzi hili ndilo somo: kuta nene za udongo, paa bapa la miti iliyopangwa na kufunikwa udongo, vyumba vinavyozunguka ua. Ingia kutoka kwenye jua la saa nane na utahisi ngozi ikipoa kabla macho hayajazoea giza. Mlango wa mbele ni wa nakshi, wa mtindo wa pwani, umesimama katikati ya nchi ya Wanyamwezi mamia ya kilomita kutoka baharini. Ukitaka kumweleza mtoto biashara ya misafara ilikuwa nini, msimamishe pale mlangoni: fundi na mtindo vilitoka pwani, ukuta ni wa huku bara, na kilicholipia vyote viwili ni pembe na watu.

Walipotoka Ujiji, Stanley na Livingstone walikuja hapa, Februari 1872. Stanley alikuwa ameshakaa hapa mwaka uliotangulia, akakwama katikati ya vita ya Waarabu wa Tabora na Mtemi Mirambo wa Urambo. Mirambo aliwashinda kwa kuwavizia, kisha akaja akachoma sehemu ya Tabora. Machi Stanley akaenda zake pwani. Livingstone akabaki Kwihara peke yake na watu wake, akisubiri wapagazi, mpaka Agosti. Miezi mitano na zaidi ya kusubiri, kuandika na kuhesabu siku. Umaarufu umekwenda Ujiji, siku zake nyingi zimebaki Kwihara.

Na bado hilo silo linalonifanya niipendekeze. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ya Zambia ya leo. Watu wake, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba mwaka huo walifika Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, na kumkuta Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akashauri mwili uzikwe hapa hapa, njia ni ndefu na ya hatari. Wakakataa. Mzungu mwenye cheo na silaha aliwaambia waishie Tabora, wao wakauinua mzigo wao wakaenda nao mpaka Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Ukisimama kwenye ua wa tembe ukiwa unaijua habari hiyo, Livingstone anasogea pembeni kidogo na wenye safari wanaonekana.

Tatizo la Kwihara ni kwamba ua hauwezi kukusimulia hayo wenyewe. Vilivyowekwa ndani ni picha na maandishi, si vingi. Ukienda bila kusoma, utatoka baada ya dakika ishirini ukisema umeona nyumba ya udongo. Ujiji inamtunza mgeni asiyejiandaa, Kwihara haimtunzi. Mwalimu anayetaka kuleta wanafunzi kwetu awape kazi ya kusoma wiki moja kabla, la sivyo ni hela ya basi imepotea.

Majengo ya kutazama kwa mbali

Hapa nitapita haraka, kwa sababu na wewe utapita haraka.

Tabora ina boma la Mjerumani, ngome hasa, na liko mikononi mwa jeshi. Huingii, hupigi picha, hata ile ya kujifanya unampiga rafiki huku boma likiwa nyuma. Kigoma ina jumba linaloitwa nyumba ya Kaisari, juu ya kilima, linalotumiwa na serikali. Wenyeji watakwambia lilijengwa likimsubiri Kaisari Wilhelm aje kuwinda, na kwamba kuna njia ya chini ya ardhi kutoka jumbani mpaka stesheni. Kaisari hakuja. Njia ya chini kwa chini sijawahi kukutana na aliyeipita, ila kila mtu ana mjomba aliyeiona. Hadithi ya aina hiyo hiyo, ya jumba la mkubwa wa Kijerumani na uwindaji, utaisikia Tabora kuhusu ile hoteli ya zamani ya reli inayojulikana kama Orion. Tofauti ni kwamba hoteli ina mlango wazi: agiza chai, kaa barazani, tazama dari ndefu na nguzo bila kumwomba mtu ruhusa. Kati ya majengo ya enzi za Mjerumani katika miji hii miwili, ukiacha stesheni, ndilo unaloweza kulikalia kwa muda unaotaka.

Ukilipita boma la Tabora, kumbuka kilichotangulia. Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani, akastahimili mashambulizi yao mara kadhaa, na Januari 1893 walipoivunja ngome yake aliitia moto ghala ya baruti akiwa ndani. Boma la mshindi bado lina ulinzi mlangoni. Ngome ya Isike haina ukuta wa kukuonyesha. Hilo nalo liweke kwenye mizani: Tabora mengi yaliyo makubwa hayana tena jengo, na mtu anayetaka cha kushika kwa mkono atachoka nasi.

Usidhani pia kwamba yote uyaonayo yana ulinzi wa sheria kwa kuwa tu ni ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja yaliyojengwa kabla ya 1863. Majengo ya Mjerumani yote ni ya baada ya hapo, kwa hiyo jengo halina kinga mpaka litangazwe. Ndiyo maana mitaani, Tabora na Ujiji vile vile, nyumba yenye mlango wa nakshi inaweza kuwepo mwaka huu na mwaka kesho ukakuta fremu za maduka. Kama kuna nyumba ya mtu binafsi unayoitaka kwenye kamera yako, usiiweke akiba.

Ambavyo mwenzake hana

Tabora ina Tabora School, au Tabora Boys kama wengi wanavyoiita. Mwingereza aliifungua kwa ajili ya watoto wa watemi, watawala wa kesho wa kumsaidia. Mwaka 1937 akaingia kijana wa Butiama, mtoto wa Chifu Burito, aitwaye Kambarage. Alipomaliza Makerere akarudi Tabora kufundisha St. Mary's, mpaka alipokwenda Edinburgh 1949. Na Januari 1958, TANU ilikutana Tabora kuamua kama iingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wajumbe wengi walikuja wakiwa wamekasirika, wanataka kususia. Nyerere akawashawishi waingie, chama kikashinda, na kikao kile kikabaki na jina la Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akatoka akaanzisha chama chake. Kwa habari ya uhuru wa nchi hii, Kigoma haina la kuweka mezani mbele ya Tabora. Majengo ya shule bado yamesimama na bado ni shule: andika barua kwa mkuu wa shule mapema, usijitokeze getini saa za vipindi na kamera shingoni.

Kigoma ina Liemba. Meli si jengo, najua, lakini hakuna orodha ya urithi wa Kigoma itakayokamilika bila hiyo. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, 1913, kwa jina la Graf von Götzen, kisha ikafunguliwa vipande vipande, masanduku 5,000, ikaletwa Dar kwa meli, ikapanda treni, ikapita hapa kwetu Tabora, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliposhindwa waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini mafundi waliopewa kazi hiyo walizipaka injini grisi nzito kwanza, wakijua kuna siku mtu atazitaka. Wabelgiji wakaiopoa, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaitoa majini 1924, wakaitengeneza, na Mei 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Injini za mvuke zilikuja kubadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970. Vizazi vya watu wa Kirando, Kipili na Kasanga wamekwenda hospitali, sokoni na kwenye posa kwa meli hiyo.

Tahadhari moja kubwa: miaka ya karibuni Liemba imekuwa kwenye matengenezo, si kwenye safari. Kabla hujakata tiketi ya Kigoma kwa ajili yake peke yake, piga simu bandarini uulize iko wapi na kama inaonekana. Bandari ni eneo la ulinzi, huwezi kujitembelea tu. Ukinyimwa, ghuba ya Kigoma inaonekana vizuri kutoka juu ya vilima vya mji, na hilo halihitaji kibali cha mtu.

Miguu, nauli na ruhusa

Tabora ni tambarare. Stesheni, boma na hoteli unaviunganisha kwa miguu chini ya miembe, ambayo watu wanasema ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara, kisha unakodi chombo mara moja tu, kwenda Kwihara. Kigoma ina vilima vya kukutoa jasho, na vitu vyake vimegawanyika sehemu mbili, mjini na Ujiji, lakini usafiri kati yake ni rahisi na wa mara kwa mara. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, Tabora ni nafuu mjini na taabu njia ya Kwihara. Kigoma ni kinyume chake.

Kuhusu picha, kanuni ni moja kwa miji yote: stesheni, bandari, boma na nyumba za serikali, omba kwanza. Kwa stesheni, mtafute stesheni masta umwambie unachotaka. Wengi wanakubali ukiwa na adabu na si muda wa treni. Kwihara na Ujiji utalipa kiingilio, cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Kuwa na kitambulisho na dai risiti.

Msimu nao upime. Novemba hadi Aprili ni mvua kote, na njia za vumbi za Kwihara zinageuka tope. Septemba na Oktoba Tabora inachoma. Juni mpaka Agosti ni salama pande zote mbili. Ila ukija Desemba utakuta maembe, na nimewaona wageni waliosahau kabisa walikuja kuangalia majengo.

Kwa ushauri wa mmoja mmoja: mwenye watoto wa shule ya msingi aende Kigoma, wakaone sanamu, maboti na maji, na migebuka ya kukaanga jioni. Mpiga picha wa majengo naye aende Kigoma, stesheni ile peke yake inatosha safari. Mwalimu wa sekondari, na yeyote anayesoma kabla ya kusafiri, ashukie Tabora. Mtu anayefuatilia habari za misafara na utumwa asichague. Akate tiketi ya Tabora, alale siku mbili, apande treni inayofuata kwenda Kigoma, na afuate mpangilio huo, Kwihara kwanza, Ujiji baadaye, kwa sababu ndivyo misafara ilivyokwenda kutoka pwani, na Ujiji inaeleweka zaidi ukiwa umeshaona njia iliyofika huko ilipita katika nchi gani. Aulize mapema tarehe za treni ya pili. Haziji kila siku, na siku mbili Tabora zikiwa tano bila mpango, hata miembe inachosha.